Sindano Alipokata Suruali Zangu

Suruali ya kwanza niliyoifungua haikuwa na mguu wa kulia.

Sikuamini macho yangu. Nikaigeuza huku na huku, nikaingiza mkono ndani, mkono ukakwama chini kidogo ya goti. Pale palikuwa pamekatwa, pakashonwa, pakapigwa na pasi juu yake. Nikaitupa kando nikachukua ya pili. Vilevile. Ya tatu, ile nyeusi niliyokuwa nimeipania kwa siku hii, vilevile. Nikachimba sanduku mpaka chini kabisa, nikakutana na ovaroli langu la kazi, lile lenye madoa ya kila nyumba niliyowahi kupaka rangi. Nalo lilikuwa limekatwa.

"Dada!" nikaita. "Dada, njoo! Njoo sasa hivi!"

Dada yangu alikuja mbio na ufagio mkononi. Huyu ni dada yangu wa tumbo moja, ndiye aliyenichukua nyumbani kwake nilipotoka hospitali. Anafundisha watoto wa chekechea, na akishikwa na hofu husema na kila mtu kana kwamba ana miaka minne.

"Haya, haya, mama, nini tena? Tumeanguka?"

"Hatujaanguka. Nani amekata nguo zangu?"

Akaitazama suruali, akanitazama mimi, akauegemeza ufagio ukutani taratibu sana.

"Hizo si alizichukua Sindano? Ule wakati umelazwa, tunahamisha vitu vyako kutoka kule ulikopanga. Aliniambia anazirekebisha. Mimi nikadhani anapunguza kiuno, maana ulikuwa umebaki mifupa."

"Kiuno! Dada, hiki ni kiuno?"

"Usinifokee, mdogo wangu. Sikuzikagua."

Sindano ni mchumba wangu. Jina hilo alipewa na wateja kwa wembamba wake na kwa ushonaji wake, na siku hizi hata mama yake mzazi humwita hivyo. Tulijuana nilipokwenda kupaka rangi duka lake. Mimi niko juu ya ngazi, yeye yuko kwenye mashine yake, akainua macho akasema, "Samahani, fundi, hilo ovaroli ulishonewa na adui yako?" Nilicheka nusura nishuke na ndoo. Kufika jioni tulikuwa tunakunywa chai pamoja na mimi nilikuwa nimeshakwisha, nimependa. Hakuna mwanaume aliyewahi kunitazama alivyonitazama yule, polepole, bila papara, mtu mwenye siku nzima ya kunitazama. Moyo wangu haukuwa na ujanja.

Kisha jukwaa likakatika. Nilikuwa napaka ghorofa ya pili, mbao zikaachia, nikaenda nazo chini. Madaktari waliupigania mguu wangu wa kulia mpaka ukaanza kuoza, basi wakaukata chini ya goti. Hayo nimeyasimulia mara nyingi na sitaki kuyarefusha.

Ninalotaka mlijue ni hili. Mama yake Sindano alikuja kuniona wodini. Alinishika mkono, akaniombea dua, akatoka. Mlango haukufungwa vizuri. Nikamsikia kwenye korido akimwambia mwanawe, wala si kwa kunong'ona, "Yule binti nampenda. Lakini sitaki uoe kitanda." Nikatega sikio nimsikie Sindano akijibu. Hakujibu.

Kitanda! Mimi niliyekuwa napanda ngazi na ndoo kila mkono! Siku ile nililia mpaka nikavimba uso. Nilipomaliza nikajiapiza. Nikasema, mama huyu siku atakayokuja kutoa neno lake la mwisho juu ya ndoa yetu, nitampokea mlangoni, nimesimama kwa miguu miwili, nimevaa suruali na viatu kama nilivyokuwa. Akisema hapana, aseme hapana akinitazama machoni. Na siku yenyewe ndiyo ilikuwa hii. Alikuwa anakuja alasiri.

Mguu wa bandia niliupata jana yake. Nilivyohangaika mpaka kuupata, najua mimi na Mungu wangu. Kliniki ya mazoezi wana vyuma viwili vya kushika, unajiburuta katikati yake kwa mguu wa kuazima mbele za watu, unaanguka, unainuliwa, unaanza tena. Wa kunitia moyo alikuwa mgonjwa mwenzangu tunayemwita Golikipa, jibaba lenye mguu mmoja wa nyama na mmoja wa bandia na lisilo na haya hata chembe. Nikiinamisha kichwa hufoka kutoka upande wa pili, "Tazama mbele, fundi! Sakafu haina pa kwenda!" Nikilia huniambia, "Lia huku unatembea, tusipoteze muda." Jana nilipovuka vyuma mpaka mwisho bila kushika, Golikipa alipiga makofi, kisha akageukia ukutani akawa anajifuta uso kwa taulo. Mtaalamu wa miguu akanionya. "Uvae nusu saa, uvue, upumzishe ngozi. Kigutu bado kichanga. Ukilazimisha utachubuka, na ukichubuka tunaanza upya." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama wagonjwa wote.

Sindano sikumwambia. Nilitaka anikute nimesimama. Nilitaka sana kuuona uso wake.

Kwa hiyo nilipofungua lile sanduku nilikuwa naimba.

"Vaa gauni," Dada akasema. "Lile refu la bluu. Litafunika kila kitu, hata hawatajua."

"Sitaki wasijue."

"Sasa unataka nini, mama?"

"Nataka wembe."

Nikakaa kitandani nikaanza kufumua ile suruali nyeusi. Haikuwa kazi ndogo, maana mshonaji hakulipua. Alipitisha mashine, akarudia kwa mkono, vijishono vidogo vidogo vya mtu anayejali. Hilo ndilo lililonichoma. Mtu aliyekaa akafanya kazi ile hakuwa na wasiwasi kwamba ipo siku nitaudai mguu wa pili wa suruali. Kwake yeye hesabu ilikuwa imefungwa.

"Hodi wenyewe!"

Ilikuwa sauti yake. Moyo wangu, huo mpumbavu, ukaruka kama kawaida yake. Alikuja mapema kutusaidia kupanga sebule kabla mama yake hajafika. Dada akamwonyesha chumbani kwa kidole, akajiondokea zake jikoni. Sindano akaingia na mfuko wa matunda, akiwa na tabasamu lake lile la upande mmoja, na tabasamu likamfia mlangoni.

"Mpenzi, unafanya nini na wembe?"

"Narekebisha," nikamwambia. "Si ndivyo mnavyoita?"

Akauweka mfuko chini. "Nilitaka kukueleza."

"Nieleze. Masikio ninayo yote mawili, hayo hayajakatwa."

"Usiseme hivyo."

"Nitasema. Ulikata lini?"

Akainama akauweka sawa ule mfuko wa matunda.

"Sindano. Ulikata lini?"

"Siku ile ile," akasema, na sauti yake ikapungua. "Siku uliyoingia kwenye upasuaji. Daktari alipotoka akatuambia tayari, dada yako akakaa chini analia, mimi nikashindwa hata kumshika bega. Nikaondoka, nikaenda dukani. Sikujua mikono hii niipeleke wapi. Nguo zako zilikuwa pale mezani. Nikafikiria ukitoka, ukivaa, kile kitambaa kitaning'inia kitupu, na watu watatazama. Nikasema hapana, huyu hataaibika mimi nikiwa hai. Nilikata huku nalia. Haki ya Mungu, nilikuwa nalia."

Nilimwamini. Ningeweza hata kumsamehe pale pale, maana siku ile hata mimi nilijua nimekwisha. Lakini nilikuwa na swali jingine na lilikuwa linaniwasha.

"Na baadaye? Ulikuja kliniki. Uliniona kwenye vyuma. Kwa nini hukuja ukaniambia, jamani nilikosea, ngoja nikushonee nyingine?"

"Nilikuona ukianguka."

"Nilianguka nikainuka!"

"Nilikuona ukianguka," akarudia. "Na kila ukianguka mimi nakufa. Yule Golikipa wenu anacheka, mimi siwezi kucheka. Mpenzi, kwani ni lazima? Mimi nipo. Nitakubeba. Nitanunua mashine ya pili, mashine ya umeme, haina kukanyaga, tukae tushone wote wawili. Nani amekwambia ni lazima usimame?"

"Mimi sishoni. Mimi ni fundi rangi."

"Ulikuwa."

Alijuta kabla neno halijamaliza kutoka, nilimwona. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Sitawadanganya, hata hivyo. Lile neno lake, nitakubeba, lilikuwa limeshaniingia mpaka kwenye mifupa. Nilikuwa nimechoka, jamani. Nimechoka kuanguka, nimechoka kuambiwa hongera na watu wenye miguu miwili. Nikaitazama ile shingo yake nyembamba, nikaitazama ile mikono yenye makovu ya mkasi, nikatamani niweke kichwa pale kifuani nilie mpaka usingizi unichukue. Nilikuwa nampenda. Hata na wembe mkononi nilikuwa nampenda.

Ndipo macho yake yakaanguka kwenye kitu kilicholala kando yangu chini ya taulo, kiatu kikichungulia.

"Huo ndio?"

Nikaifunua taulo. "Ndio huo. Tangu jana. Nilitaka kukushtukiza."

Akainama akautazama. Hakuugusa. Sindano, ambaye hawezi kupita karibu na kitambaa bila kukisugua kwa vidole, aliiweka mikono yake nyuma.

"Ni mzito?"

"Unazoeleka."

"Utakuumiza."

"Umeshaniumiza tayari, na bado nautaka. Nisaidie kuufunga. Shika hapa, mimi nivute mkanda."

Akasitasita. Akatazama mlango, akatazama saa.

"Sikiliza," akasema kwa ile sauti yake ya upole, sauti iliyonipumbaza siku nyingi. "Mama yuko njiani. Yamekuwa mengi. Kwa leo kaa tu kwenye kochi, nitakufunika magoti na shuka, tuongee naye vizuri. Akisharidhika, hayo mengine tutayaona polepole."

"Utanifunika."

"Kwa leo tu."

"Toka nje, Sindano. Nataka kuvaa."

Dada ndiye aliyenisaidia. Alikuwa akifunga mikanda, na kila dakika ananikumbusha, "Nusu saa, mama. Nusu saa tu walisema."

Lakini mama mkwe mtarajiwa alichelewa. Nusu saa ikapita, ikapita na nyingine. Ningeweza kuuvua mguu nikaupumzisha, nafasi nilikuwa nayo tele, ila kila niliposhika mkanda nilisikia viatu mlangoni, na kumbe ni jirani tu. Kigutu kikaanza kuwaka moto. Nikajikaza kisabuni. Sindano alikuwa sebuleni akipanga na kupangua mito ya kochi, na mara moja moja ananitupia jicho la wasiwasi nami naligeuzia uso. Ni huzuni ya ajabu hiyo, kukaa chumba kimoja na mtu unayempenda na kukosa pa kuweka macho.

Hodi ilipopigwa, niliinuka kwa gongo langu moja, nikaenda kufungua mwenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwa—" Hakumaliza. Macho yake yaliteremka. Upande wa kushoto suruali yangu ilifika kiatuni. Upande wa kulia iliishia chini ya goti, nyuzi zimening'inia nilipofumua, na chini yake ni chuma kitupu na kiatu. Alitazama hapo kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yanamlenga.

"Umesimama," akasema.

"Nimesimama, Mama. Karibu ndani."

Nikamtangulia mpaka sebuleni. Si mbali, mtoto wa Dada huivuka kwa kurukaruka, lakini mimi nilihesabu kila chozi nililolimeza. Yeye akaketi kwenye kochi, Sindano akakaa kando yake, Dada akaleta chai. Mimi nikabaki wima nyuma ya kiti, nimekishika mgongo.

"Keti basi, mwanangu."

"Niko sawa, Mama."

Akanywa chai kidogo, akakirudisha kikombe kwenye kisahani bila kelele. Ni mwanamke mfupi, mnene kidogo, na mikono yake ni mikubwa kuliko inavyostahili umbo lake.

"Mimi si mtu mbaya," akaanza. "Baba yake huyu alipata kiharusi akalala kitandani mpaka Mungu alipomchukua. Huyu Sindano alikuwa bado yuko shule ya msingi. Nilimgeuza mume wangu, nilimwosha, nilimlisha. Kumpenda sikuchoka, lakini mwili ulichoka, na roho ikachoka. Uchovu ule siwezi kukueleza na sikuombei uujue. Ndiyo maana siku ile pale hospitali nilisema nililolisema. Najua ulinisikia, mwanangu. Nilirudi nyumbani sikula."

"Nilikusikia, Mama. Yamepita."

"Hayajapita, ila ahsante." Akaitazama tena suruali yangu. "Unajua huyu alijifunza wapi kushona? Mashati ya baba yake. Baba alikuwa hawezi kuinua mikono, huyu akawa anayapasua mashati mgongoni, anaweka vifungo, ili tumvishe akiwa amelala vilevile. Hakuna aliyemtuma. Na hakuna aliyewahi kumuuliza baba yake kama anapenda. Nimeujua mkono wake mara tu nilipoiona hiyo suruali."

Sindano aliinamisha kichwa. Mimi nikaelewa kila kitu, na kuelewa hakukunisaidia kitu. Katika nyumba yao, kumpenda mtu ni kumlaza vizuri.

"Basi wewe," mama akamgeukia mwanawe, "nakuuliza mbele yake, kesho nisije kuambiwa nilikuvunjia nyumba. Huyu binti unamtaka?"

Sindano akasimama. Akanitazama, na yalikuwa macho yale yale ya siku ile ya ngazi, na moyo wangu wote ukamkimbilia. Mwambie, nikaomba kimoyomoyo. Mwambie jinsi nilivyo. Neno moja tu, nami zile suruali nazichoma moto na tusizitaje tena.

"Namtaka, Mama," akasema. "Sina mwingine na sitafuti mwingine. Hata asiposimama tena maisha yake yote, nitamtunza. Nitamwosha, nitambeba, sitachoka. Naapa mbele yenu."

Dada akajiziba mdomo kwa mkono. Mama yake Sindano alimtazama mwanawe, akanitazama mimi kutoka juu mpaka chini, akamrudia mwanawe.

"Mbona amesimama?" akauliza.

"Ndiyo, Mama. Leo. Lakini—"

"Lakini nini?"

Akanigeukia, na hapo ndipo nilipouona ule uso wake niliokuwa nautaka tangu jana. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri nianguke. Si kwamba ananiombea nianguke, masikini. Alikuwa ameshanyoosha mikono kidogo, bila yeye mwenyewe kujua, tayari kunidaka.

"Sindano," nikaita.

"Naam, mpenzi."

"Mimi na wewe basi."

"Basi nini?"

"Basi. Sitaolewa na wewe."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepigwa. "Kwa ajili ya suruali? Nitakushonea suruali kumi! Naenda dukani sasa hivi, nakesha, kesho asubuhi unazo!"

"Si suruali."

"Ni nini sasa? Niambie. Nimekwambia nitakutunza, nimeapa mbele ya mama yangu, mwanaume afanye nini zaidi ya hapo?"

"Nakupenda mpaka naona haya kusema mbele ya wakubwa," nikamwambia. "Lakini nikiingia kwako sitatoka tena kitandani. Utanibeba, nami nitafurahi kubebwa. Mimi si jasiri, Sindano. Leo kule chumbani uliposema utanibeba, nilikaribia kusema ndiyo. Utanipenda hivyo hivyo mpaka nisahau kutembea, na sitakuwa na mtu wa kumlaumu."

Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Nifanye nini? Niambie tu nifanye nini."

"Ungenifunga mguu nilipokuomba."

"Niliogopa."

"Najua. Mimi naogopa kila siku. Nilidhani mmoja wetu angeogopa kidogo kuliko mwenzake."

Akapiga hatua kunijia. Nikainua mkono, akasimama. Lo, nilitamani asisimame! Nilitamani angekuwa mkaidi, aje anitikise, anitukane, anitikise tena. Lakini Sindano si mkaidi. Alisimama pale katikati ya sebule na mikono yake mizuri ikining'inia, mpaka mama yake aliposema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nenda ukanisubiri nje."

Akaenda. Mlangoni aligeuka. Sikumtazama, maana ningemtazama ningemwita.

Nilipousikia mlango ukifungwa, nguvu zote zikaniishia. Paja lilikuwa linatetemeka hadi kiti kinagonga sakafu. Mama yake Sindano aliinuka akanijia, akasimama kando yangu, ile mikono yake mikubwa ameikunja tumboni.

"Nikushike, au nikuache?" akauliza.

Tangu lile jukwaa likatike nilikuwa nimeshikwa na watu wengi. Nimebebwa, nimegeuzwa, nimevutwa, nimesukumwa, nimefunikwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali hilo.

"Nishike, Mama," nikasema, na ndipo nilipoanza kulia. "Kusimama nimefundishwa. Kuketi peke yangu bado."

Akanishika kiwiko, si kiuno. Akaniacha nishuke mwenyewe kwa uzito wangu mwenyewe, yeye akiwa ukuta tu wa kuegemea. Mikono ile ilikuwa na elimu yake. Nilipokaa, akabaki ameinama, uso wake karibu na wangu.

"Ningefurahi kuwa mama mkwe wako," akasema. "Nilikuja hapa kukukataa, na sasa ningefurahi. Ndiyo maana sitakubembeleza umrudie. Hajui kuuliza. Mimi ndiye ambaye sikumfundisha, na sijui kama atajifunza."

Akalifunga shungi lake vizuri, akamuaga Dada, akatoka. Nikamsikia Sindano nje akimuuliza jambo. Nikasikia sauti ya mama yake ikisema, "Twende." Halafu viatu vyao kwenye kokoto, vya mama vizito, vya Sindano vikibaki nyuma, vikisimama, vikienda tena, mpaka nikawa sisikii kitu.

Dada alipiga magoti mbele yangu akaufungua mguu, mkanda mmoja baada ya mwingine. Soksi ya kigutu ilitoka imelowa damu. Akashusha pumzi, akakimbilia maji ya vuguvugu na kitambaa safi, akarudi, akaanza kunipangusa pole pole. Mwezi mzima bila kuvaa, nikajisemea. Vyuma tena. Sakafu tena. Golikipa atafoka, mtaalamu atatikisa kichwa, na nikirudi nyumbani hakutakuwa na mtu anayenisubiri mlangoni na mfuko wa matunda.

Nililia kwa sauti, kama ambavyo sikulia hata wodini. Dada akakiacha kitambaa akanikumbatia.

"Basi, mama, basi. Nyamaza. Ni kidonda tu hiki. Mguu utapona, tutaanza upya, utaona. Usiulilie."

"Mguu nilishaulilia nikamaliza, Dada," nikamwambia. "Huyu ndiyo kwanza naanza."